Chai ya Mgeni Rasmi

Kisa hiki kisomwe chote kabla hakijatumwa mbele. Kimfikie hasa yule aliyewahi kukaa ukumbini na njaa, akimngoja mkubwa.

Wauguzi waliojiajiri wa mkoa mmoja wa nyanda za juu walikuwa na mkutano wao wa mwaka. Hawa ndio wanaowafuata wagonjwa majumbani. Huyu anasafisha kidonda cha mzee wa kisukari, yule anamgeuza aliyepooza ili mgongo usichubuke, mwingine anamtazama mzazi aliyetoka kujifungua. Hakuna aliyewaajiri. Ndiyo maana fulana za mkutano ziliandikwa mgongoni: MIMI NI BOSI WANGU.

Siku hiyo Sista Sekela alikuwa azungumze. Aliitaka nafasi hiyo kwa miaka, na kila mwaka walipewa watu wa maofisini, watu ambao hawajawahi kubisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Safari hii jina lake lilikuwa kwenye ratiba. Mada yake ilihusu ndugu wa mgonjwa wanaomwamuru muuguzi afanye asichopaswa kufanya, naye akatii kwa kuogopa kufukuzwa.

"Nimeifanyia mazoezi mbele ya mgonjwa wangu asiyeweza kusema," alimwambia Bibi Generoza, aliyekaa naye kiti kwa kiti. "Na mbele ya mume wangu."

"Nani alisikiliza vizuri?"

"Mgonjwa. Mume alilala."

Bibi Generoza alicheka mpaka mabega yakatikisika. Alikuwa muuguzi mstaafu, na ndiye aliyemfundisha Sekela kufunga kidonda bila kumuumiza mtu. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari.

"Nimejichoma sindano yangu ya kushusha sukari kabla ya kutoka," alisema. "Ratiba inasema chai ni mara tukifika. Nikasema nisile nyumbani, nije nifaidi kiingilio changu."

Chai ilikuwepo. Ilikuwa pembeni mwa ukumbi, chupa zimepangwa kwa mstari, vitumbua na mayai ya kuchemsha yamefunikwa kwa nailoni, vitambaa vimekunjwa kama maua. Mbele ya meza alisimama Ndugu Lutengano, mwenyekiti wa chama, na kipaza sauti mkononi.

"Ndugu wajumbe, tuvumiliane. Mgeni rasmi yuko njiani. Meza ya chai ataifungua yeye."

Mikoba ilikuwa imekusanywa na kufungiwa chumba cha pili, ili viti vionekane nadhifu kwenye picha. Pipi za Bibi Generoza, ambazo hatembei bila hizo, zilikuwa huko.

Wakasubiri. Waliimba wimbo wa chama, wakaurudia. Watu wakaanza kutafuta maneno ya kupoozea njaa.

"Njiani ya wapi hiyo?" aliuliza mmoja nyuma.

"Ya wakubwa. Ina kona nyingi."

Mwanamke wa safu ya mbele aliinama akazungumza na simu kwa sauti ya chini. "Mgeuze wewe, mwanangu. Mlaze ubavu wa kushoto, weka mto katikati ya magoti. Siwezi kutoka. Huku tunamsubiri mtu."

Sekela alikuwa akirudia hotuba yake kichwani alipoona karatasi ya ratiba ikitetemeka mkononi mwa Bibi Generoza. Akamtazama usoni. Ukumbi ulikuwa na baridi, lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Hakuhitaji kuambiwa. Wala waliokaa nyuma yao hawakuhitaji. Ukumbi mzima ulikuwa wa watu wanaokula kwa kuzijua dalili hizo.

"Bibi, tutoke nje."

"Kaa. Utakosa zamu yako. Anafika sasa hivi."

Sekela akainuka, akamwendea mwenyekiti. "Naomba kikombe kimoja, Mwenyekiti. Chenye sukari. Bibi Generoza sukari imemshuka."

"Nakuelewa, Sista. Muda mfupi tu."

"Mwili wake haujui itifaki."

"Nikikupa wewe, hawa wote watasimama. Mgeni atakuta makombo. Unataka tuonekaneje?" Akashusha kipaza sauti, akashusha na sauti yake. "Halafu wewe ndiye unayezungumza leo. Usijiharibie. Ukigusa meza hii, nafasi yako nampa mwingine. Wanaoitaka ni wengi, unajua."

Sekela akarudi kwenye kiti chake.

Ndiyo, alirudi. Alikaa, akaunganisha mikono mapajani, akajiambia kwamba muda mfupi si kitu. Kile kile alichokuja kukikemea jukwaani, alikuwa anakifanya akiwa ameketi.

Bibi Generoza akamgeukia. Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeamshwa ghafla.

"Tumaini," alisema, "mbuzi umewafunga?"

Tumaini alikuwa binti yake, na alikuwa ameolewa mbali. Mbuzi hawakuwepo.

Sekela hakuomba tena. Alikwenda mezani, na Ndugu Lutengano aliponyoosha mkono kumzuia, akapita chini yake. Akavuta nailoni. Vitambaa vilivyokunjwa kama maua vikaanguka sakafuni. Akamimina chai nusu kikombe, akaipoza kwa maji, akatia sukari kijiko juu ya kijiko, akarudi nayo kwa hatua za haraka bila kuimwaga.

Kipaza sauti kikanguruma nyuma yake. "Ndugu wajumbe, kwa utovu wa nidhamu mliouona wenyewe, Sista Sekela hatazungumza leo."

Hakuna aliyepinga. Na hilo silo baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba mtu mmoja alifyonya, na mwingine akasema, akiwa na fulana yake ya bosi mgongoni, "Na yeye naye. Si angesubiri kidogo?"

Sekela alipiga magoti. "Kunywa, Bibi. Taratibu. Tena."

Bibi Generoza alikunywa kwa mafundo madogo. Karatasi ya ratiba iliendelea kutetemeka mapajani mwake, kisha ikatulia. Akafuta jasho kwa kiganja, akakitazama kikombe.

"Nani kapika chai hii? Ina sukari kama ya harusi."

Waliokuwa karibu wakacheka, wakaziba midomo kwa viganja.

Mgeni rasmi aliingia wakati huo. Alikuwa mama mmoja, kiongozi kutoka mkoani. Viatu vyake vilikuwa na vumbi na kanga ilikuwa bado imefungwa kiunoni. Ndugu Lutengano alikimbia kumpokea, kipaza sauti kikiwa bado mkononi. Alisahau kukizima.

Mama yule alitazama meza, akatazama watu. "Hamjanywa chai?"

"Tulikuwa tunakusubiri, Mheshimiwa."

"Mnanisubiri mimi?" Alisimama. "Mwenyekiti, mbona nilikupigia alfajiri? Nilikwambia nina mazishi ya jirani yangu, nitachelewa. Nikasema muanze, watu wanywe chai, mkutano uendelee. Ukanijibu sawa."

"Nilisema sawa, Mheshimiwa. Ila meza ilikuwa imependeza. Nikataka uikute vile vile."

Maneno hayo yalitoka kwenye spika zote za ukumbi.

Vichwa vikamgeukia mwenyekiti. Kisha mgeni akamwona Bibi Generoza, amemwegemea Sekela begani, kikombe kimewekwa sakafuni karibu na miguu yao. Hakuuliza kilichotokea. Aliuliza jambo lingine.

"Nani alikuwa azungumze sasa?"

Ndugu Lutengano alikitazama kipaza sauti kama kitu kilichomuuma. Akampelekea Sekela.

Sekela alipanda jukwaani. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ile ya mazoezi.

"Hotuba niliyoiandaa siitoi. Ilikuwa ya kuwasema ndugu wa wagonjwa. Nilitaka niwaambie kwamba hatuna bosi, tusiwaogope." Akazitazama safu za viti. "Naomba mnyooshe mikono, mliomwona Bibi Generoza akitetemeka."

Mkono mmoja ulipanda, wa mwanamke wa safu ya mbele. Ukafuata mwingine. Kisha ikawa safu kwa safu.

"Ambaye hakujua ile ni nini, ashushe."

Hakuna aliyeshusha. Wangeshusha vipi? Ndiyo kazi yao.

"Sasa abaki na mkono juu yule aliyeinuka kwenye kiti."

Mikono ikashuka, yote, mpaka ukumbi ukabaki vichwa tu vilivyoinama.

"Na mimi msinipigie makofi," Sekela alisema. "Nilipokatazwa mara ya kwanza nilirudi nikakaa. Nilimwona mwalimu wangu anazama, nikakaa, kwa sababu nilikitaka kipaza sauti hiki. Mwenyekiti alituficha simu aliyopigiwa na Mheshimiwa, na atalijibu hilo. Lakini mlango wa ukumbi huu haukuwa na askari. Hatukuwa tunamwogopa Mheshimiwa, alikuwa makaburini anazika jirani. Tulikuwa tunaogopa kitambaa cha meza."

Akakiweka kipaza sauti juu ya meza ya wakubwa.

"Fulana hizi," alisema bila spika, na bado walisikia, "tukifika nyumbani tuzisugue mpaka maandishi yatoke."

Akashuka, akaenda mezani, akachukua yai na vitumbua viwili, akampelekea Bibi Generoza.

"Kula, Bibi."

"Na wewe je? Hujala tangu asubuhi."

"Nitakula. Kwanza nikuone wewe."

Mgeni rasmi alikaribisha watu chai. Wachache walisimama. Wengi walibaki kwenye viti vyao, na safari hii hapakuwa na mtu aliyewazuia.

Funzo: Mtu akizidiwa mbele yako na unajua cha kumsaidia, usingoje mkubwa aje kukuruhusu, huenda ruhusa hiyo ilitolewa tangu asubuhi, na hata isingetolewa, hukuihitaji.