Kipindi cha Jiwe

Hapo zamani za kale, ingawa si za kale mno, maana runinga ilishafika msituni. Ilikuwa moja tu, uani kwa Bwana Kiboko, naye Bwana Kiboko ndiye aliyeamua nani aonyeshwe.

Alikuwa na kipimo chake. Kabla ya kila kipindi alitandaza majivu uani. Watazamaji wakishaondoka, karani wake Nyati alihesabu nyayo. Nyayo nyingi, kipindi kizuri. Nyayo chache, kipindi kibaya. Basi.

Kilichoongoza kiliitwa "Fisi Kaanguka". Fisi alitembea juu ya gogo, puu! matopeni. Akapanda tena, puu! Wanyama walicheka hadi mbavu zikauma. Kindi naye alicheka, tusimsingizie.

Lakini kipindi ambacho Kindi hakukikosa hata siku moja kilikuwa cha Shangazi Kanga. Kanga alifundisha alama za maadui. "Mkiona mfereji mpana, laini, usio na nyayo, hilo ni tumbo la Chatu limepita. Mmoja abebe mtoto, wengine pigeni kelele zangu." Wadogo watatu wa Kindi walikuwa hai kwa sababu ya somo hilo moja.

Jumatatu moja Bwana Kiboko akatangaza: "Kanga, nyayo arobaini tu! Ijumaa kipindi chako kinafungwa. Nafasi namwongezea Fisi, aanguke mara mbili kwa siku."

Kanga akainamisha kichwa. Kindi ndiye aliyeruka juu ya benchi.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Kipindi cha Shangazi kina ubaya gani?"

"Marahaba. Hakina watu."

"Sikuuliza watu. Nimeuliza ubaya."

"Binti, kingekuwa kizuri uani pangejaa. Nyayo hazidanganyi!"

Kindi akamgeukia Fisi. "Na wewe kaka, unasemaje?"

Fisi akajikuna. "Mimi naanguka tu, dada. Wakicheka, nashukuru."

"Haya. Bwana Kiboko, nipe na mimi kipindi, Alhamisi. Nikimpita Fisi kwa nyayo, mimi ndiye nitakayepanga vipindi msimu mzima."

"Boho! Boho! Boho!" Kiboko alicheka hadi benchi likalia. "Wewe mwenye mwili wa konzi moja? Nimekubali. Nyati, andika!"

Mvua zilikuwa zimeanza, na Kindi alijua mvua humtoa nani ardhini. Alikwenda mpaka kwenye gogo bovu, akagonga, ko ko ko.

"Hodi, Bibi Jongoo! Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sauti naijua, sura siioni."

"Nakualika kutazama runinga. Wewe na ukoo wako mzima."

"Kutazama? Kwa macho yapi? Unanikejeli, eti?"

"Hata kidogo, Bibi. Si lazima mwone. Piteni tu uani, taratibu, mwende na kurudi."

"Kuna nini kwenye hicho kipindi?"

"Jiwe."

"Linafanya nini?"

"Limekaa."

Bibi Jongoo alicheka mpaka akajikunja kama pete. "Hilo basi halinipiti!"

Alhamisi alasiri Kindi akaweka jiwe mbele ya kamera. Jiwe likakaa. Wanyama wachache walichungulia, wakasonya, wakaenda zao. Ndipo jongoo wakaingia, cha-cha-cha-cha, wakapita majivuni, wakageuka, wakapita tena.

Nyati akainama kuhesabu, na waliotaka kusikia matokeo wakasogea. "Mia mbili... elfu moja... elfu nne... Bosi, hapa bado nipo kwa jongoo wa tano!" Akatupa kalamu. "Fisi kaachwa mbali."

"Haiwezekani!" Kiboko akafoka. "Hao wana miguu kupita kiasi! Tena hawaoni! Na lile ni jiwe!"

"Kwa hiyo kipindi changu si kizuri?"

"Cha ovyo kabisa!"

"Na nyayo je? Leo zimedanganya?"

Kiboko akageuka kuyakagua majivu.

"Chagua," Kindi akasema, bila hata kutabasamu. "Ama jiwe ndicho kipindi bora kuliko vyote msituni, ama umemfukuza Shangazi kwa kipimo kibovu."

Kabla Kiboko hajajibu, Kindi aliona kitu majivuni. Pembeni ya vitone vya jongoo ulipita mfereji mpana, laini.

"Nyati, na huu umeuhesabu?"

"Huo? Hauna miguu. Nimeandika sifuri."

Manyoya ya Kindi yakasimama. Mfereji ulielekea jikoni, alikolala mtoto wa Kiboko.

"Chatu! Chatu jikoni!"

Wengi wakabaki wanaulizana, chatu gani, yuko wapi. Wale wachache wa nyayo arobaini hawakuuliza. Swala alichomoka na mtoto mgongoni. Wengine wakapiga kelele za Kanga, ke-ke-ke-ke! ke-ke-ke-ke! mpaka Chatu akateleza kupitia mlango wa nyuma, shwaa, akapotelea majanini.

Bwana Kiboko alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Shangazi Kanga, kesho utaanza saa ngapi?"

"Muulize mpangaji," Kanga akajibu.

Kindi akahema. "Shangazi, saa kumi. Fisi, saa kumi na moja, maana kucheka nako tunakuhitaji. Jiwe lirudishwe njiani lilikotoka. Na wewe Bwana Kiboko, majivu yako peleka shambani."

Hadithi yangu inaishia hapo uani, wanangu, nanyi mwondoke na hili: wingi wa nyayo hukuambia nani alifika, haukuambii aliondoka na nini.