Viriba Arobaini vya Baraza la Mikunazini

Mwaka ule mvua iligoma. Haikuchelewa, wala haikunyesha kidogo ikakatika, iligoma kabisa. Nyasi za Bonde la Mikunazini zikakauka mpaka ukizikanyaga zinavunjika, na lile ziwa walilokuwa wakiogea vifaru likabaki dimbwi dogo la kuvuka kwa hatua tano. Halafu upande wa pili wa kilima ukaanza kuonekana moshi. Siku ya kwanza wanyama walisema ni ukungu. Siku ya pili hakuna aliyesema ni ukungu.

Mwenye wasiwasi kuliko wote alikuwa Bi Kanga. Alikuwa na mayai kumi na mawili kwenye nyasi za pembeni ya bonde, yamebakiza siku chache kuanguliwa, na mayai, kama unavyojua, hayakimbii. Basi akaenda barazani.

Mikunazini walikuwa na baraza, tena baraza la kweli, si la kupigia soga. Ndilo lililopanga zamu za kunywa maji, likaamua nani afyeke njia, likatunza mali ya wote na kuweka akiba ya siku ya hatari. Mwenyekiti alikuwa Simba, ambaye alipenda sana kuwa mwenyekiti. Katibu alikuwa Mzee Kobe, aliyechora kila neno kwa ukucha juu ya gome la mti, polepole, na walishaacha zamani kumharakisha. Mtunza stoo alikuwa Fisi.

Ndiyo, Fisi. Usinitazame hivyo, mimi sikuwepo siku ya uchaguzi. Stoo ya dharura ilikuwa na viriba arobaini vya kubebea maji ya kuzimia moto, na ngoma moja ya kupigia mbiu ya hatari. Viriba vya ngozi, ngoma ya ngozi. Lakini kazi yenyewe haikuwa na posho, hivyo walipoulizwa nani anaitaka, kila mmoja aliangalia kwato zake. Fisi peke yake akanyoosha mkono. "Nitavitunza viriba hivi kama tumbo langu mwenyewe," alisema, na wakampigia makofi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Bi Kanga, "naomba akiba ya moto ikaguliwe leo hii. Moshi unakuja upande wangu. Mimi nina mabawa, naweza kuondoka. Wanangu bado wako ndani ya maganda."

"Akiba ipo, ipo kamili," alisema Fisi upesi. Alikuwa amenenepa. Bonde zima mbavu nje, yeye anahema kama aliyetoka kwenye karamu ya harusi.

"Kifungu cha saba," alisema Mzee Kobe bila kuinua kichwa. "Kitu cha baraza hakiandikwi kwamba kipo mpaka Mwenyekiti awe amekigusa kwa mkono wake."

Wote wakamgeukia Simba. Simba akaitazama stoo. Ilikuwa pango chini ya jabali, nalo lilikuwa na mlango mfupi. Kobe aliingia humo bila taabu. Simba angelazimika kuinamisha kichwa, tena mbele ya raia wake, na yale manyoya ya shingoni anayoyachana kila asubuhi yangefagia vumbi.

"Simba haingii stoo," alisema. "Stoo itamjia Simba. Vileteni hapa jiweni pangu, kimoja kimoja, nitavigusa nikiwa nimekaa."

Ndivyo walivyokagua miaka yote. Hakuna aliyeuona ubaya wa utaratibu huo, isipokuwa Fisi, ambaye aliuona uzuri wake.

Ukaguzi ukaanza. Fisi akatoka mlangoni na kiriba shingoni, akapita mbele ya Simba, Simba akakigusa, Kobe akachora mstari. Fisi akaenda nacho nyuma ya kichuguu, eti anakwenda kukipanga. Kutoka hapo akazunguka jabali, akaingia stoo kwa tundu la nyuma, akatokea tena mlangoni na kiriba shingoni. Simba akagusa. Kobe akachora wa pili.

Safu ya mbele alikuwa amekaa Sungura, anatafuna mzizi mkavu na kutazama. Kiriba cha kwanza kilikuwa na kiraka cheusi begani. Cha pili kilikuwa na kiraka cheusi begani. Cha tatu kilipopita na kiraka chake, Sungura aliacha kutafuna.

Utauliza, kwa nini hakusimama akasema? Wewe sema, kama ni rahisi. Simba alikuwa ameshakubali viriba vitatu mbele ya mkutano mzima. Wa mwisho kumwambia "Mheshimiwa, umekosea" alikuwa Paa, na tangu siku hiyo Paa hajaonekana kwenye vikao. Sungura aliipenda haki, lakini ngozi yake aliipenda pia. Ilibidi Simba aone kwa macho yake mwenyewe.

Akasogea karibu na jiwe, akainama. "Mheshimiwa, nina neno dogo. Mkono wako unagusa kiriba, sawa. Lakini ukishaondoka, nani ataonyesha kwamba uligusa? Wenzetu mabonde mengine siku hizi wanapiga muhuri."

"Mabonde yapi?"

"Yale yenye simba wakubwa wakubwa."

Simba akajikohoza. "Na hapa tulikuwa tumeshapanga kupiga muhuri," alisema. "Leteni wino."

Kikao kikapumzika kidogo. Sungura akakimbia kuchukua udongo mwekundu, akauchanganya na udongo wa chumvi wanaoulamba nyumbu, halafu akatia uboho kutoka kwenye mfupa ambao Simba alikuwa ameutupa jana yake. Akakoroga ndani ya kifuu. Wino ule ulimfikia Fisi puani kabla haujafika jiweni, na mate yakaanza kumtoka.

Kiriba cha nne kikapita. Simba akachovya kiganja, akakipiga muhuri katikati, mkubwa, mwekundu, vidole vyote vimeonekana. Akarudia kuutazama. "Huo ndio muhuri," alisema.

Nyuma ya kichuguu Fisi akakuta ana tatizo. Kiriba ni hicho hicho kimoja, na sasa kina alama. Kukiosha hawezi, maji yenyewe yako wapi? Akakilamba. Akalamba tena. Akasahau kwa nini anakilamba, akaendelea kulamba, mpaka akasikia Kobe anauliza kama kuna ajali huko. Akatoka mbio na kiriba kinachong'aa kwa mate.

"Hiki kimelowa," alisema Simba.

"Ni umande, Mheshimiwa."

"Umande mchana huu? Na ukame huu?"

"Ndiyo maana nikasema stoo yangu ni nzuri."

Simba akapiga muhuri. Cha sita kilikawia zaidi. Cha saba kilikuja kimepoteza pindo. Cha nane kilikuja bila mkanda, na Fisi akaeleza kwamba mchwa wa mwaka huu ni wakorofi. Kila muhuri ulikuwa mtamu kuliko uliotangulia, maana chumvi ilikuwa imeshaingia kwenye ngozi, na ngozi yenye chumvi na uboho mbele ya Fisi, jamani, mwacheni tu.

Cha kumi kilikuwa nusu.

"Mbona kidogo hivi?" aliuliza Simba.

"Hicho ni cha watoto, Mheshimiwa. Tulifikiria makundi yote."

"Niandike cha watoto?" aliuliza Kobe.

"Andika," alisema Simba, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

Cha kumi na moja hakikuja. Wakasubiri. Bi Kanga alikuwa akitazama kilima, na moshi sasa ulikuwa umeshavuka kileleni. "Mheshimiwa, mimi sina muda," alisema. "Naomba tukaangalie."

Wakazunguka kichuguu wote. Fisi alikuwa amekaa chini, amefumba macho kwa raha, anatafuna. Kipande chenye kiraka cheusi kilikuwa kinaning'inia mdomoni.

"Fisi," alisema Sungura, "kiriba cha kumi na moja kiko wapi?"

Fisi akafumbua macho. Akajaribu kusema kwamba anakikagua, lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Simba hakunguruma. Aligeuka, akaenda mpaka mlangoni pa stoo, akasimama hapo kidogo. Halafu akainamisha kichwa, manyoya yake yakafagia vumbi, akaingia. Ndani alikuta duara la mti wa ngoma lisilo na ngozi, na mabaki ya nyuzi za mkonge zilizoshonea viriba. Basi. Akatoka na utando wa buibui usoni, na hakuna aliyecheka. Moyo ulimuuma, na ulionekana kumuuma.

"Vyote arobaini?" alimuuliza Fisi.

"Thelathini na tisa nilivila kidogo kidogo, Mheshimiwa. Hiki kimoja nilikiacha kwa heshima ya baraza."

Upepo ukageuka wakati huo huo. Moto ukaonekana, mstari mwembamba unaoshuka kilima upande wa Bi Kanga. Yeye hakungoja maamuzi, aliruka, akaenda akakaa juu ya mayai yake na kutandaza mabawa.

"Ngiri, chimbeni kinga," aliamrisha Simba. "Toeni nyasi zote kati ya moto na kiota. Na mimi nachimba." Akaanza kuparua ardhi kwa makucha yale yale yenye wino.

"Na maji?" aliuliza mmoja. "Tutabebea nini?"

Mzee Kobe akapitia gome lake polepole, juu mpaka chini. "Kwa mujibu wa kumbukumbu," alisema, "mali ya baraza haijapotea. Imehamishwa mahali pa kuhifadhiwa." Akamnyooshea Fisi ukucha. "Vyote vimo mle."

Wakamkimbiza Fisi mpaka dimbwini. "Kunywa! Hapana, usimeze!" wakamwambia. Akajaza maji mashavuni na kooni, akakimbia nayo hadi penye moto, akatema. Akarudi. Akajaza, akakimbia, akatema. Tumbo zito linamburuta, miguu inagongana, na Sungura nyuma yake akimkumbusha njia. Kila alipotema, Kobe, aliyekuwa amebebwa hadi pale na ngiri mmoja, alichora mstari. "Kiriba cha tisa," alisema. "Kiriba cha kumi." Fisi aliomba apumzike kwenye cha ishirini na sita. Kobe akamwonyesha gome: vipo arobaini kwenye orodha.

Moto ulifika kwenye kinga ukakosa cha kula. Ukajaribu pembeni, ukakuta majani yamelowa mate ya Fisi, ukafifia. Upande mmoja tu ulipenya, kidole kidogo cha moto, ukagusa ukingo wa kiota kabla Simba hajaukanyaga kwa mguu wake.

Bi Kanga akainuka. Ncha za mabawa yake zilikuwa zimeungua. Mayai kumi na moja yalikuwa salama. La mwisho, lile la ukingoni, lilikuwa limepasuka kwa joto.

Ngiri wakaacha kuchimba, na Fisi akajilaza pale pale kwenye majivu.

Siku tatu baadaye vifaranga kumi na mmoja walitoka, wenye kelele na wasio na adabu, na Simba akaja mwenyewe kwa miguu. "Bi Kanga," alisema, "baraza likufanyie nini? Sema chochote."

Bi Kanga akamsogezea ganda la lile yai lililoungua. "Liwekeni stoo," alisema. "Liandikwe la kwanza, juu ya viriba."

Kobe akashika ukucha wake, akangoja. "Mheshimiwa hajaligusa," alisema.

Simba akaligusa. Kobe akaandika.

Siku hizi stoo ya Mikunazini ina vibuyu arobaini badala ya viriba, kwa sababu vibuyu Fisi hali. Fisi mwenyewe amepewa kazi ya kuvijaza maji, na kila akipita karibu na ngoma mpya, kuna anayesema "macho mbele." Na kila kiangazi kinapoanza, Simba hashauriwi na mtu. Anakwenda mlangoni, anainamisha kichwa, manyoya yanafagia vumbi, anaingia. Huanza na ganda. Hulishika kwa vidole viwili, maana ni jepesi sana, na Kobe akiwa nje na gome lake humsubiri kwa muda mrefu kabla hajasikia, "Lipo. Andika."