Mamba Tu, na Maji Haya Tu

Nije nisije?
— Njoo!
Nina ngano, mna masikio?
— Tunayo, mawili mawili!
Ngano yenyewe chungu.
— Tutaimeza!

Haya, mezeni.

Hapo zamani mvua ilikata. Ilikata, ikakata, mpaka nyasi zikawa majivu na majivu yakapeperuka. Mto ulikuwa mbali, ng'ambo ya mbuga isiyo na hata kichaka, na waliojaribu kuuendea walionekana baadaye njiani, mifupa mitupu. Likabaki bwawa moja, chini ya vilima vya mawe. Na ndani ya bwawa hilo alikuwamo Mamba.

Mamba hakuwinda. Awinde nini, na kiu inamletea chakula mpaka mdomoni? Alikuja swala, akainama kunywa. Chubwi! Hakuna swala. Alikuja nyani, akainama kunywa. Chubwi! Hakuna nyani. Na kesho yake walikuja wengine, maana kiu haina pa kwenda.

Huko juu mawe­ni aliishi Mama Pimbi. Pimbi mnamjua: kajinyama kadogo, hakana mkia, lakini sauti yake inazidi mwili wake. Mama Pimbi alikuwa na watoto wawili. Siku moja aliteremka nao bwawani. Akatazama kushoto, kimya. Akatazama kulia, kimya. Akamwambia mkubwa, aliyeitwa Sikujua, "Kunywa upesi, mwanangu, tuondoke."

Sikujua akainama.

Chubwi!

Maji yakajifunga. Yakatoka mapovu, yakakoma.

Kesho yake Mama Pimbi aliteremka tena, pale pale, kwa sababu ulimi wa yule mdogo ulikuwa umevimba. Akanywa. Maji yalikuwa na ladha ya matope, basi. Hilo ndilo lililomkata maini: yalikuwa na ladha ile ile ya siku zote.

Mnanisikia?
— Tunakusikia!

Sasa bwawa likaanza kupungua. Mamba akaona mgongo wake unaguswa na jua, akakasirika. Akawaita wanyama wote ukingoni.

"Maji yangu mnayamaliza," akasema. "Kuanzia leo, Mamba tu atakaa katika maji haya. Mguu wa mwingine usiingie. Mdomo wa mwingine usiguse."

Kanga, jirani yake Mama Pimbi, akauliza, "Na sisi tutakunywa wapi, bwana mkubwa?"

"Rambeni umande."

"Na wewe utakula nini, kama sisi hatuji?"

Mamba akacheka, meno yote nje. "Nina miguu, Kanga. Nikishikwa na njaa nitawafuata huko huko mnakolala."

Upepo tu, vuuu, na vumbi.

Pale ukingoni palikuwa na Jiwe la Kiapo, jiwe jeusi, laini kwa kurambwa. Ukiapa, unaliramba. Ukivunja kiapo, tumbo linavimba mpaka linapasuka. Haikuwa hadithi ya kutishia watoto. Mwaka ule ule Ngiri aliapa kwamba hatagusa tena mayai ya Kanga, akaramba jiwe, akayagusa. Tumbo likajaa, likajaa, puu! Wote waliona. Mamba aliona kuliko wote, maana yeye ndiye aliyekula kilichobaki.

"Pimbi!" Mamba akaita. "Wewe mwenye makelele. Panda juu, uwaapishe."

Mama Pimbi akapanda. Akatamka kama alivyoambiwa: "Mamba tu atakaa katika maji haya. Mdomo wa mwingine usiguse." Swala akarudia, akaramba jiwe, akalia. Nyani akarudia, akaramba jiwe, akalia. Kanga akarudia, akaramba jiwe, akalia. Mama Pimbi mwenyewe akarudia, akaramba. Hakulia. Alikuwa anawaza.

Kisha akainamisha kichwa. "Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Naogopa kusema."

"Sema!"

"Kiapo cha upande mmoja ni kilema, bwana mkubwa. Kesho atakuja Tembo, hakuwapo hapa leo. Atasema, mbona Mamba mwenyewe hakuapa? Haya maji si yake huyu. Atayaingia."

Mamba alimwogopa Tembo. Ukimkanyaga Tembo anakasirika; akikukanyaga yeye, umekwisha.

"Niape nini?"

"Maneno ni yako mwenyewe, bwana. Mimi nitayatamka, wewe unifuate."

Akasimama wima juu ya jiwe. Chini yake taya la Mamba lilikuwa wazi, karibu kiasi cha kumfikia. Akaona kipande cha ngozi kimenasa katikati ya meno. Hakutaka kujua ni cha nani. Akapaza sauti.

"Mamba!"

"Mamba!"

"Atakaa!"

"Atakaa!"

"Katika maji haya..."

"Katika maji haya..."

"Tu!"

"Tuuu!" Mamba akanguruma mpaka mawe yakajibu, kwa kuwa katika maneno yote hilo ndilo alilolipenda zaidi. Akatoa ulimi, akaliramba jiwe, lap! Akazama kwa raha zake.

Wanyama wakapanda vilimani kimya kimya, kama watu wanaotoka kuzika. Kanga akashindwa kujizuia.

"Umetumaliza, Mama Pimbi! Ulitupigia mbiu ya kifo chetu, na kisha ukamsaidia na yeye kuapa!"

"Kanga, dada yangu, yeye alisema nani atakaa katika maji haya?"

"Mamba tu."

"Na mimi nimemwapisha akae wapi?"

Kanga akafungua mdomo. "Katika maji haya..."

"Malizia."

"Tu." Kanga akalisema tena, polepole. "Maji haya tu."

"Yeye alilitia nyuma ya jina lake. Mimi nimelitia nyuma ya maji. Hawezi kutoka."

Mhanga, yule mchimba mashimo, akatikisa pua yake ndefu. "Lakini na sisi tumefungwa. Hatuwezi kuingia. Tutakufa juu, afe chini, itatusaidia nini?"

"Tumeapa juu ya maji yale, yaliyo bwawani. Ya chini ya mchanga hatukuyataja. Kucha zako zikoje, Mhanga?"

Kulipopambazuka Mhanga alikuwa ukingoni, hatua chache kutoka bwawani. Kwaru, kwaru, kwaru. Mchanga mkavu. Kwaru, kwaru, kwaru. Mchanga wa unyevu. Kwaru, kwaru, kwaru. Maji! Machache, ya udongo, yanatoka polepole, lakini maji. Swala akanywa. Nyani akanywa. Mama Pimbi akamnywesha mwanawe.

Mamba akasikia. Akapasua maji, fyaaa! Kifua kikapanda mchangani, mguu mmoja ukanyanyuka kuelekea shingo ya Mhanga.

"Bwana mkubwa!" Mama Pimbi akalia. "Uliapa utakaa wapi?"

"Katika maji haya!"

"Malizia."

"Tu..."

Hapo akalisikia. Mguu ukabaki hewani. Macho yake yakaenda kwenye jiwe jeusi, na bila shaka alimkumbuka Ngiri, na jinsi alivyokuwa mtamu. Akaurudisha mguu majini, polepole, kama aliuazima kwa mtu.

"Hayo mnayokunywa ni maji yangu," akasema.

"Yako ni haya uliyomo. Ya huku hukuyaapia."

Basi Mhanga akachimba shimo jingine. Na jingine. Na jingine. Kila shimo lilivuta chini kwa chini kutoka bwawani, na jua likavuta kutoka juu. Bwawa likawa dimbwi. Dimbwi likawa tope. Mamba akawa ndani ya tope, mgongo umepasuka kama ardhi, na hakuna kilichoinama mbele ya mdomo wake.

Mwanzoni wanyama walikuja kumtazama, wakacheka. Halafu wakaacha kuja, kwa sababu alikuwa anaita mchana kutwa, na sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba kama ya mtoto. Mama Pimbi ndiye aliyekuja, akakaa juu ya jiwe. Kanga alisema anakaa kufurahi. Hakufurahi. Alitaka kujua inachukua muda gani. Sikujua hakupewa muda wowote.

"Mama Pimbi," Mamba akaita. "Mama yangu. Niondolee hilo neno."

"Lipi?"

"Hilo la mwisho. Ni dogo sana. Lirudishe mahali lilipokuwa."

"Nami nirudishie Sikujua mahali alipokuwa."

Mamba akamtazama. "Sikujua nani?"

Mama Pimbi alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, lakini si hayo. Kwa Mamba, mwanawe hakuwa hata na jina. Alikuwa mlo wa asubuhi.

Akateremka, akapanda kilimani, na hakurudi tena kumtazama. Siku zilizofuata sauti ilikwaruza, ikakwaruza, ikakoma. Tai wakashuka.

Mvua ilikuja, imechelewa kama kawaida yake. Bwawa likajaa likameremeta, mifupa mirefu chini, na wanyama wakakaa ukingoni wanayatazama maji hayo bila kuyagusa. Walikuwa wameapa: Mamba tu. Hakuna aliyeliambia Jiwe kwamba Mamba amekufa, na hakuna aliyetaka kujaribu. Wakageuka, wakaenda kunywa kwenye mashimo. Mama Pimbi akanywa wa mwisho. Maji yalikuwa na ladha ya mchanga.

Fundisho lake, watoto wazuri? Ni rahisi. Mkubwa akisema, sikilizeni maneno yake makubwa makubwa. Haya madogo madogo ya mwishoni yaacheni yapite. Hayajawahi kumdhuru mtu.

Ngano yangu nimeilaza hapa. Nani ataiamsha?
— Si sisi!
Basi kila mtu kwao.