Nani Aliyemrudisha Ambakisye?

Kaeni vizuri. Na wewe unayependa kujibu kabla hujaulizwa, leo vumilia mpaka nimalize. Kisa hiki mimi nina mwanzo wake na katikati yake. Mwisho mnao ninyi.

Huko Rungwe, kwenye migomba na mvua, aliishi mama mmoja aitwaye Tusekile. Alikuwa na watoto wanne. Wa kwanza, Ambakisye, alikwenda Zambia kuchimba shaba akasema anarudi baada ya mwaka. Ikapita miaka tisa. Mwaka huo wa tisa macho ya Tusekile yakaanza kuingia ukungu, na daktari akamwambia ukweli, kwamba kabla mwaka haujaisha yatazimika kabisa. Tusekile hakulia. Alisema tu, "Basi nimwone Ambakisye kwanza." Hakutaka kingine. Uso wa mwanawe, mara moja, kabla ya giza.

Watatu waliobaki nyumbani kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Lugano, dada mkubwa, alijua kusimulia mahali mpaka ukasikia harufu yake. Gwakisa, anayemfuata, alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akilipenda neno atalirudia mpaka ulisikie hata akiwa hayupo. Na Subilaga, kitinda mimba, alijua kukata hadithi pabaya. Atakusimulia mpaka fisi anafika mlangoni, halafu anainuka kwenda kuosha vyombo!

Ajabu ni kwamba vipaji hivyo hawakuvitumia kwenye barua. Simu za mkononi zilikuwa bado, na barua zao zilifanana na za watu wote: "Salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali. Mama macho yanamsumbua, njoo." Bahari yenyewe hawajawahi kuiona. Waliandika tatu za namna hiyo, na Ambakisye akazijibu zote kwa adabu: "Nimepata barua yenu. Mwakani, Mungu akipenda."

Siku moja ya Aprili, mvua inanyesha, Subilaga akasema, "Jamani, barua zetu hizi hata mimi zisingenileta. Tumwandikie kama tunavyoongea."

Wakachana karatasi moja ya daftari, kila mtu na sehemu yake ya kuandika.

Lugano akaanza. Hakuandika njoo. Aliandika habari za jikoni. Aliandika moshi unavyopita kwenye majani ya paa, ndizi mbichi zinavyopasuka ganda kwenye majivu, na ule mlango wa jikoni unaokwangua chini, ambao kila mtu wa nyumba ile huusukuma kwa paja huku akiunyanyua kidogo ndipo ufunguke. Walimu wa fasihi huita hiyo mandhari. Lugano hakujua jina lake, alijua mlango.

Gwakisa akapokea kalamu. Akaandika: "Ng'ombe amezaa, kigoda chako bado kipo. Subilaga amemaliza shule, kigoda chako bado kipo. Baba mdogo tulimzika Januari, watu walijaa mpaka uani, wengine walisimama, kigoda chako bado kipo." Walimu huita takriri. Gwakisa aliita kusema ukweli, maana kigoda kweli kilikuwepo karibu na moto, na hakuna aliyewahi kukikalia.

Subilaga akamalizia. "Kaka, juzi tulichimba nyuma ya jiko, chini ya mparachichi, ili tuvumbike ndizi. Jembe likagonga kitu. Mama alipokipapasa alikaa chini palepale, akakutaja jina, kisha akasema"

Basi. Hakuweka hata nukta. Hiyo ni taharuki, na msiniangalie hivyo, mimi sijaandika barua.

Walipokuwa wanaifunga, mama yao akauliza, "Mmemwambia naumwa?"

"Safari hii hatujagusa ugonjwa, mama," Lugano akajibu.

"Vizuri. Andikeni na langu. Mwambieni macho yangu ni mazima kabisa, kila asubuhi nakaa mlangoni naona kilele cha mlima. Asihangaike kuja." Maneno hayo aliyasema akiwa ameligeukia koti la Gwakisa lililoning'inia ukutani, akidhani ni Gwakisa. Watoto wakatazamana. Iliwauma, lakini Lugano aliyaandika pembeni neno kwa neno, kwa sababu mama akisema andika, unaandika.

Wiki ya sita Ambakisye alishuka barabarani na begi moja, pamoja na mkewe Chanda, mtoto mchanga wa kike mgongoni. Nyumba nzima ikatoka nje. Tusekile alibaki kwenye kizingiti, mikono mbele.

"Ugonile, mama," Ambakisye akamsalimia kwa Kinyakyusa.

"Usinisogelee kwanza. Geukia kwenye mwanga. Hapohapo." Akamtazama kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande kutafuta pembe ambayo jicho bado linashika. "Umepata mvi," akasema. "Na wewe umepata mvi, mwanangu." Hapo ndipo alipolia.

Walipokwisha kula, Ambakisye akasema, "Mtoto huyu ana miezi miwili na hana jina. Nilimwambia Chanda jina litatoka nyumbani. Awe somo wa yule aliyenirudisha."

"Ni nani huyo?" Subilaga akauliza haraka mno.

"Ndilo linalonitesa, mdogo wangu. Niliposoma habari za ule mlango nilikuwa nimekaa kambini, na paja langu likanyanyuka lenyewe. Miaka tisa nilijifanya nimesahau, dada Lugano, ukanipeleka nyumbani bila kunihamisha kitandani. Lakini kutamani nyumbani si kufunga safari. Niliona aibu. Nilidhani nafasi yangu imeshazibwa. Basi nikashuka chini ya ardhi, na kila nyundo ikipigwa nasikia kigoda chako bado kipo, kigoda chako bado kipo. Gwakisa, ulinitoa aibu. Hata hivyo ningesema Desemba, likizo ikifika. Subilaga ndiye aliyeninyima usingizi, kwa sababu najua nilichokifukia pale nikiwa na miaka minane."

Akamtazama Gwakisa. "Ni kijiko cha mama, alichopewa na bibi siku ya kuolewa. Kilipotea, ukachapwa wewe. Nilikichukua mimi."

"Najua," Gwakisa akasema. "Kigoda chako bado kipo." Hata Chanda, asiyeelewa lugha, alicheka kwa kuwaona wanacheka.

"Bado hujamaliza," Lugano akasema.

"Bado. Nilitaka kuandika niulize mama alisema nini. Nikasoma tena yale ya pembeni. Anaona kilele, Aprili! Nani aliwahi kuona kilele kile Aprili, mwezi mzima kimefunikwa na wingu? Nikajua haoni. Siku hiyohiyo nikaomba ruhusa."

Hicho, wapendwa, huitwa kinaya. Amesema usije, ikasikika njoo leo.

Ambakisye akapiga goti mbele ya mama yake. "Sasa niambie. Kijiko kilipotoka, ulisema nini?"

"Nilisema, kumbe hakikupotea."

Kisha Tusekile akanyoosha mikono, akapewa mtoto, akamleta karibu kabisa na uso wake.

"Mpeni jina," akasema. "Gwakisa kwa msichana, sawa, jina halivai sketi. Lugano, sawa. Subilaga, sawa. Langu msimpe kwa kunihurumia, mkimpa iwe nimestahili. Lakini amueni upesi. Nataka nimwite mjukuu wangu huku bado namwona."

Mimi nimefika hapo. Lugano alimkumbusha pa kurudi, Gwakisa akamwonyesha pa kukaa, Subilaga akamfanya ashindwe kutulia, na mama akamwambia lini bila kutaka. Ukiondoa mmoja, Ambakisye yuko Zambia mpaka leo. Tusekile amekaa mlangoni na mtoto, anamgeuzia kwenye mwanga, na anasubiri jina.

Je, wewe ungempa la nani?