Mwezi Alivyomzika Limi

Sogeeni, wajukuu zangu, niwaambie kama nilivyoambiwa na mama aliyemlea mama yangu.

Kulikuwa na zama ambazo mwezi haukupungua. Kila jua lilipozama, Mwezi alichomoza mashariki, mzima, mviringo kama ungo, akatembea usiku kucha na kutua magharibi alfajiri. Usiku wa giza haukujulikana. Watu walisafiri usiku, walivuna usiku, wala hakuna aliyehesabu siku kwa mwezi, kwa sababu siku zote ulikuwa uleule.

Mwezi alikuwa mwanamke mjane. Aliishi mashariki, nyumba moja na kaka yake, Jua. Jua alitembea mchana, Mwezi akatembea usiku, na kila mmoja akimaliza safari alirudi nyumbani kwa njia ipitayo chini ya ardhi, ambayo sisi hatuioni. Mwezi alikuwa na binti mmoja tu, aitwaye Limi. Mama akitoka, mjomba alibaki na mtoto.

Msimu mmoja wa mavuno Limi akashikwa na homa. Siku ya kwanza alikataa chakula, siku ya pili alikataa maji. Jioni ya siku ya tatu Mwezi alimngoja kaka yake mlangoni.

"Kaka, leo sitoki," akamwambia. "Mtoto ana hali mbaya."

Jua alikuwa amechoka, vumbi la safari lingali miguuni. "Dada yangu, huko chini wameshatandaza mtama uwanjani na ngoma zimewambwa. Wanakutegemea wewe. Nenda, nitakaa naye mimi."

"Hutalala?"

"Sitalala."

Mwezi akaingia kumuaga binti yake. Limi alimshika nguo, akasema, "Mama, usiende." Mama alimfungua vidole kimoja kimoja, akamwambia atarudi kabla hajazinduka. Kisha akatoka.

Usiku ule alikuwa mzuri kuliko siku zote. Watu walipura mtama, walicheza, walimwimbia. Yeye alitembea akitazama nyuma. Lakini njia ya angani haina mahali pa kugeukia. Aliyeianza hana budi kuimaliza.

Aliporudi alimkuta kaka yake amelala, ameegemea ukuta, mkono wake juu ya paji la uso wa Limi. Mtoto alikuwa baridi. Jua aliamka akaona. Alikuwa ametembea tangu asubuhi na usingizi ulimshinda. Mwezi hakumlaumu, ila tangu hapo hakumwita kaka tena.

Walimzika Limi magharibi, pale njia inapoingia chini ya ardhi.

Mwezi akaacha kula. Jioni iliyofuata alichelewa kutoka, kwa kuwa kila alipofika mlangoni alisikia, "Mama, usiende." Kesho yake akachelewa zaidi. Watu wakakaa gizani mwanzo wa usiku wakimngoja, na alipotokea walimwona amemegeka ubavu. Siku zilivyokwenda, alitoka usiku wa manane, kisha karibu na mapambazuko, nusu, robo, mfupa mtupu. Asubuhi Jua alimkuta bado njiani, mweupe kama jivu, akampita. Mwisho hakutoka kabisa. Alikwenda kaburini akakaa chini, na dunia ikawa giza tupu.

Watu waliogopa. Wazee walituma wajumbe wawili hadi ukingo wa magharibi, mahali ambapo wakati ule mbingu iligusa nchi. Wajumbe walimsihi Mwezi awarudishie mwanga. Walimweleza jinsi fisi walivyokuwa wakiingia zizini. Mwezi hakuinua kichwa.

Katika nchi ile aliishi mwanamke aitwaye Minza, ambaye alikuwa amezika watoto wawili. Hakutumwa na mtu. Alipika uji mwepesi wa ulezi, akauweka katika kibuyu, akatembea mpaka kaburini. Alikaa kando ya Mwezi. Ndipo Mwezi akauliza, "Na wewe umekuja kuomba mwanga?"

"Hapana. Nimekuja kukaa. Nami nimezika."

"Wako aliitwa nani?"

Minza akawataja, wote wawili. Mwezi naye akasema, "Wangu aliitwa Limi," na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo tangu mazishi. Minza akammiminia uji. Alikunywa mafunda mawili.

Jioni ile watu waliona kitu chembamba kama ukucha upande wa magharibi, kikazama upesi. Mwezi alikuwa amesimama, akachungulia, akarudi kwa mwanawe. Kesho yake alikunywa zaidi, akasogea mbali kidogo na kaburi, akakaa angani kitambo zaidi. Minza aliendelea kumpikia. Siku ya saba Mwezi alikuwa nusu, na jioni ilimkuta katikati ya mbingu. Siku ya kumi na nne alichomoza mashariki jua likizama, mzima kama zamani.

Watu walifurahi, wakatoa ngoma. Mwezi aliposikia ngoma zile alikumbuka usiku aliomwacha Limi, na moyo ukamvunjika upya. Kesho yake alichelewa kutoka, akiwa amemegeka.

Ikawa hivyo miezi mingi: akishaisha, Minza humwendea na kibuyu. Hata Minza akazeeka. Safari ya mwisho alifika akikokota miguu, akasema, "Mwenzangu, sitakuja tena."

"Nani atanipikia?"

"Utajipikia mwenyewe. Siku utakazoshindwa, kaa naye. Utakapoweza, inuka."

Na tangu siku hiyo Mwezi hujaa siku moja tu, kisha huchelewa na kukonda, mpaka hupotea siku mbili au tatu, kwa kuwa yuko kaburini na hakuna wa kumpikia. Halafu huinuka mwenyewe, mwembamba, magharibi. Ndiyo maana hapa kwetu mwezi ukiandama hatupigi kelele wala hatuombi kitu. Tunatoka nje, tunamwambia pole, tunarudi ndani kula.