Hodi ya Mvumo

Sogeeni, wapenzi wasikilizaji, mkeka wangu unatutosha sote.

Palikuwa na Sikudhani, msukaji wa vikapu, na mumewe Mbaruku. Kila alipokwenda kukata majani ya mvumo, ule mti mrefu wa mbugani wenye majani mapana kama pepeo, Sikudhani alipiga hodi kwanza. Kilele hakukigusa, maana kikikatwa, mti hufa.

Siku moja zimwi likamtia Mbaruku guniani, likamwendea Sikudhani. “Nipe kilele cha mvumo wako, nikupe mumeo!”

Sikudhani akaukumbatia mti akilia. Mvumo ukanong'ona, “Mwanangu, liache lipande lenyewe.”

“Panda, babu,” akasema Sikudhani, “ila upige hodi.”

“Hodi kwa mti? Una wazimu!” Zimwi likabwaga gunia, likapanda. Likakikaribia kilele, mvumo ukarefuka. Likapanda tena, ukarefuka. Likapanda mara ya tatu, ukarefuka hadi mawinguni, upepo ukalipeperusha moja kwa moja.

Mbaruku akatoka guniani. “Mke wangu, kweli ungeukata mvumo kwa ajili yangu?”

“Ningeukata, kisha ningekununia hadi uzeeni.”

Mbaruku akauinamia mvumo kwa adabu. “Shikamoo, mama mkwe.”

Nami nimeufikisha mzigo wa ngano. Utueni kwa upole.