Pole ya Bi Namkunda

Hapo zamani, wanangu, neno pole lilikuwa na kazi moja tu: lilisemwa na mkosaji. Ukimkanyaga mtu, unamwambia pole. Kama hukumkosea unanyamaza, hata akilia mbele yako, kwa kuwa aliyesema pole alihesabiwa kuwa ndiye aliyefanya.

Siku hizo, kwenye kijiji cha mlimani, aliishi mfinyanzi aitwaye Nakiete. Alifinyanga mwezi mzima na mtoto mgongoni, akapata vyungu saba. Asubuhi moja akavipanga kwenye tenga, akajitwika, akaanza kuteremka kuvipeleka kwa wenyewe. Njia ilikuwa imelowa umande. Akateleza. Mtoto hakuumia, lakini vyungu vyote vilivunjika.

Watu wakatoka majumbani. Mmoja akampokea mtoto akambembeleza, mwingine akaanza kuokota vigae. Walimwonea huruma sana, ila nani angesema pole na kujitwika kosa? Nakiete akautazama ule ukimya wao, akasema, "Basi. Sifinyangi tena." Naye ndiye aliyekuwa mfinyanzi pekee mlimani kote.

Ndipo akafika Bi Namkunda, bibi ambaye hakuwahi kusema pole maishani mwake. Hata mbuzi wake alipomaliza maharage ya jirani, alisema, "Mbuzi ana akili zake, muulizeni mwenyewe." Bibi huyo akaketi chini penye vigae, akamshika Nakiete mkono.

"Pole, mwanangu."

Watu wakashtuka. "Kumbe ni wewe uliyemsukuma!"

"Nimsukume kwa miguu hii? Nilikuwa kwenye migomba yangu."

"Sasa pole ya nini?"

"Ya nini tena? Si ameanguka!"

Nakiete akaangua kilio, kisha akacheka huku machozi yakimtoka. Wengine nao wakajaribu, mmoja mmoja: "Pole, Nakiete." Hakuna aliyeshtakiwa. Kabla jua halijatua alionekana akishuka bondeni kuchimba udongo, wanawake wanne nyuma yake, na Bi Namkunda amembeba mtoto.

Tangu siku hiyo tunampa pole mgonjwa, aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyetoka shamba, hata mwenye mzigo tunayepishana naye njiani. Neno ni lile lile, na linatutosha sote.

Ila yule mwenye maharage, wanasema, anaingoja yake hadi leo.